Mchanga, Vigae au Kioo Kitupu: Jinsi ya Kuchagua Sakafu Salama ya Tangi la Aksolotli

Jiwe la kwanza lilitoka siku ya nne. Lilikuwa la buluu, ukubwa wa punje ya maharage, limelala peke yake chini ya beseni jeupe asubuhi ya Jumamosi. La pili lilifuata kesho yake. La tatu lilitutesa hadi siku ya tisa, na siku zote hizo Komamanga, aksolotli wa binti yangu, aliyekuwa ameyameza, alikuwa akielea mkia juu kama chupa tupu mtoni. Chakula hataki. Anajitahidi kuzama, anafika nusu, anapanda tena.

Mawe yale tulimnunulia wenyewe, mfuko wa kilo 5, kwenye duka la wanyama hapa Uingereza tunakoishi. Muuzaji alituhakikishia kwamba ndiyo yanayotumiwa na kila mtu. Kwa samaki, labda. Kwa aksolotli nimejifunza kwamba sakafu ya tangi huchaguliwa kwa kuutazama mdomo wake kwanza. Rangi na urembo vitafuata baadaye, vikipata nafasi.

Nawaandikia hasa wazazi wenzangu mlioko ughaibuni. Tangu mchezo wa kompyuta wa Minecraft ulipomwingiza mnyama huyu mwaka 2021, watoto wetu hawatupi usingizi, na wengi wetu tumejikuta na tangi sebuleni kabla hatujajua tunafuga nini.

Mnyama anayekula kwa kuvuta

Aksolotli si samaki. Ni salamanda, jamaa wa mbali wa chura, ila yeye hakui akatoka majini kama salamanda wengine. Anabaki na matamvua yake ya nje, yale manyoya mekundu pembeni mwa kichwa, kama kiluwiluwi aliyegoma kuwa mtu mzima. Kwao ni maziwa ya Xochimilco na Chalco katika Bonde la Mexico. Chalco lilikaushwa, Xochimilco limebaki mifereji, na huko porini aksolotli yuko ukingoni mwa kutoweka. Hawa wa majumbani wana safari nyingine: mwaka 1864 baadhi yao walifikishwa Paris, mwanasayansi Auguste Duméril akawazalisha, na uzao ukatapakaa kwenye maabara na matangi ya Ulaya. Vizazi kwa vizazi wamezaliwa ndani ya kioo, lakini mdomo ni ule ule wa ziwani.

Mtazame akila. Nyungunyungu anashuka taratibu hadi chini. Aksolotli haoni vizuri, kwa hiyo anategemea harufu na mtikisiko wa maji. Anasogea, anasimama, kama vile amesahau alichofuata. Halafu, kufumba na kufumbua, taya linafunguka, koo linatanuka, na maji yote yaliyo mbele ya pua yake yanavutwa ndani pamoja na chochote kilichomo. Unasikia mlio mdogo, "tak", hata ukiwa umekaa kwenye kochi. Meno anayo, lakini ni vijino vya kushikia tu, hayatafuni. Hakuna hatua ya kutenganisha pumba na mchele. Kilichoingia kimeingia, na kama hakikutemwa papo hapo kinaelekea tumboni.

Mnyama huyu akikatika mguu anaotesha mwingine. Hata sehemu za moyo na uti wa mgongo anaweza kuzijenga upya. Lakini changarawe ikiziba utumbo, uwezo wote huo haumsaidii kitu.

Kwa hiyo swali unalojiuliza ukishika mfuko wowote dukani ni moja: hiki kikiingia mdomoni, kitatokea upande wa pili? Chembe laini sana hupita na kinyesi. Jiwe kubwa kuliko kichwa haliingii kabisa. Hatari iko katikati, kuanzia punje ya mtama hadi ukubwa wa korosho, na bahati mbaya ndiyo bidhaa inayojaza rafu za maduka.

Kabla ya kununua chochote, chukua rula

Pima urefu wa mnyama kuanzia ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Usimtoe majini, weka rula nje ya kioo akiwa ametulia. Kama hajafika sentimita 15, sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu bado. Aksolotli mdogo anakaa kwenye kioo kitupu. Utumbo wake ni mwembamba kiasi kwamba hata mchanga laini unaweza kukusanyika na kuziba, na katika umri huo anakula kila siku, kwa pupa, akikosea shabaha mara nyingi. Wenye haraka ya kupendezesha tangi ndio wanaoingia hasara hapa.

Pima pia upana wa kichwa, uandike. Utauhitaji ukifika kwenye mawe.

Kisha pima maji. Amonia iwe 0, nitraiti 0, nitreti chini ya 20 (vyote ni vitokanavyo na uchafu, na vinapimwa kwa miligramu kwa lita), na pH, kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 6.5 na 8, ikiwezekana karibu na 7.5. Joto liwe kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi. Likipita 24 mnyama yuko mashakani hata kama sakafu yake ni ya kifalme. Nalisema hili kwa sababu napata maswali ya mchanga kutoka kwa ndugu walioko Dar na Mombasa. Jamani, maji ya tangi chumbani kwenu yanafika 28 bila taabu. Bila mashine ya kupozea maji, hakuna mchanga utakaomwokoa. Na kumbuka aksolotli yuko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji vibali. Walioko Marekani nao waangalie sheria ya jimbo lao kwanza: California, kwa mfano, haimruhusu kufugwa nyumbani kama mnyama wa kawaida.

Sakafu zenyewe

*Kioo kitupu.* Ni salama, ni bure, na uchafu unauona mara moja. Kwa mtoto wa aksolotli, kwa mgonjwa, na kwa mgeni uliyemtenga kwa uangalizi, hakuna kinachokishinda. Ubaya wake ni utelezi. Aksolotli hutembea zaidi kuliko anavyoogelea, na kwenye kioo anakwenda kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyomwagikiwa mafuta. Tena kioo cha chini kinaakisi mwanga wa taa. Bandika karatasi nyeusi au ya kijivu upande wa nje wa kitako, kabla hujajaza maji, maana tangi likishajaa hakuna wa kulinyanyua.

*Mchanga laini.* Kwa mnyama aliyevuka sentimita 15, hili ndilo chaguo langu. Vidole vinapata pa kushika, mwanga hauakisiwi, na akimeza kidogo unatoka. Unahitaji kuchaguliwa vizuri na kutunzwa, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

*Vigae na mawe bapa.* Chaguo la wanaotaka kushika bila mchanga. Nitarudi kwake.

*Mawe makubwa ya mtoni.* Yanakubalika yakiwa makubwa kuliko kichwa cha mnyama kwa mbali, si kwa kukadiria. Kama kichwa kina sentimita 4, usiweke jiwe la 4 wala la 5. Anza na la 8. Yawe mviringo, yasiwe na kona. Mimi siyapendi kama sakafu nzima, kwa sababu chakula na kinyesi vinajificha katikati yake, na kila Jumapili utakuwa unanyanyua jiwe moja moja kama mtu anayetafuta nge. Matatu au manne juu ya mchanga yanatosha.

*Vya kukataa.* Changarawe ya aina yoyote. Kokoto za kioo na zile gololi bapa za mapambo. Magamba ya kome na konokono. Mchanga uliopakwa rangi, maana rangi huweza kuchuja majini na ngozi ya mnyama huyu inapitisha vitu kirahisi. Udongo maalumu wa mimea ya tangini, ule wa vidonge vidogo vya kahawia: unamezeka, aina nyingi hutoa amonia mwanzoni, na hushusha pH. Ukitaka mimea, funga anubiasi kwenye gogo kwa uzi. Ni mmea wa kwetu, wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, wala hauhitaji udongo wowote mizizini.

Kuutambua mchanga mzuri

Unatafuta chembe zilizo chini ya milimita 1, zenye mviringo, zisizobadilisha maji. Mchanga wa vichujio vya mabwawa ya kuogelea mara nyingi una chembe za karibu nusu milimita na huwa umeshasafishwa. Unazama haraka, ndiyo maana nauweka mbele. Mchanga wa watoto wa kuchezea ni wa bei nafuu zaidi na hapa unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya bustani, lakini una vumbi jingi na wakati mwingine vijiwe vimejichanganya. Mchanga wa akwariamu ni mzuri na ni ghali. Mchanga wa ujenzi uache: una kona kali, na hujui umechanganyika na nini.

Maneno ya kwenye mfuko hayatoshi. Mimi hufanya majaribio manne jikoni, na yote hayachukui nusu saa.

La kwanza ni chekecheo la unga. Pitisha vikombe vichache vya mchanga mkavu kidogo kidogo, nje ya nyumba, na uzibe pua, kwani vumbi la mchanga si la kuvutwa mapafuni. Kinachobaki juu ya wavu hakiingii tangini. Kikibaki kingi, mfuko huo haufai.

La pili, vidole. Lowesha mchanga kiganjani, ukunje ngumi, usugue. Mzuri unateleza kama sukari laini iliyoloa. Ukihisi unachoma kama msasa, ndivyo tumbo la aksolotli litakavyouhisi, tena kutoka nje, kwa sababu anashinda akiliburuza juu yake.

La tatu ni siki nyeupe. Weka kijiko cha mchanga kwenye glasi, mimina siki, tazama kwa karibu dakika nzima. Povu likitoka, kuna chokaa ndani yake, na itakuwa ikiyeyuka polepole na kupandisha ugumu wa maji na pH. Aksolotli hapendi maji laini kupita kiasi, yaani yenye madini machache mno, kwa hiyo chokaa kidogo siyo sumu, ila pH inapopanda, amonia ile ile inakuwa kali zaidi kwake. Hutaki sakafu inayoendesha maji bila ruhusa yako. Tuna kichupa cha mchanga wa Paje tulichokuja nacho kutoka Zanzibar kama ukumbusho; binti yangu alidondosha siki kwenye chembe zake chache na ukachemka kama soda iliyotikiswa. Mchanga mweupe wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na magamba yaliyosagika. Ni mzuri kwa miguu ya mtalii, kwenye tangi la aksolotli haufai, na hapo hatujagusa chumvi.

La nne ni la mchanga mweusi tu: sumaku. Funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, upitishe juu ya mchanga mkavu. Chembe zikiruka na kung'ang'ania, zitakwenda kung'ang'ania pia kwenye pampu ya chujio, ambayo inaendeshwa na sumaku, na kuila taratibu. Huo mweusi wenye bei ya kutupa unaouzwa kwa ajili ya kukwangulia kutu kwenye vyuma usiuguse. Umetengenezwa kwa kazi ya kukwaruza, na utaifanya.

Kiasi gani

Sentimita 2 zinatosha. Wengi humwaga 5 au 6 kwa sababu inaonekana vizuri, kisha wanashangaa harufu. Tabaka nene likikosa hewa chini linaanza kuoza na kutengeneza gesi ya yai viza, nayo ni sumu.

Hesabu ni hii: urefu wa tangi mara upana mara kina cha mchanga, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 1,000 upate lita. Tangi langu lina urefu wa 100 na upana wa 40. Mara 2 ni 8,000, yaani lita 8. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban kilo 1.6, kwa hiyo nilihitaji kama kilo 13. Nunua kilo 15, maana kuna utakaopotea kwenye kuosha.

Kuosha na kuweka

Kazi hii ichukulie kama kuosha mchele wa mtu asiyejali: unadhani umemaliza, kumbe bado.

1. Jaza ndoo theluthi moja tu ya mchanga. Ukiijaza zaidi, wa chini hausafishiki.

2. Ingiza mpira wa maji hadi chini kabisa ya ndoo, fungua kwa nguvu, koroga kwa mkono. Maji yatafurika yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Yaache yafurike. Fanyia nje: mchanga ukiingia kwenye bomba la sinki utamwita fundi.

3. Rudia mpaka ukikoroga, ukahesabu hadi kumi, unaona mkono wako chini ya maji. Mchanga wa mabwawa unachukua mara tano au sita. Ule wa watoto ulinichukua mchana mzima.

4. Usitumie sabuni. Hata kidogo. Hata "ya asili".

5. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

6. Mtoe aksolotli kabla hujaanza. Aende kwenye beseni la plastiki lenye maji yasiyo na klorini, yenye joto sawa na la tangi, na gogo au kopo la kujifichia. Maji ya beseni yanabadilishwa yote kila siku.

7. Zima chujio. Mchanga unaoelea ukinyonywa, pampu inakufa.

8. Shusha mchanga kwa kikombe, ukikigeuza kikiwa kimegusa sakafu. Kama tangi ni tupu, utandaze kwanza, weka sahani juu yake, na mimina maji juu ya sahani polepole.

9. Acha utulie. Ukungu wa kawaida unaisha ndani ya siku moja au mbili. Maji yakiwa bado maziwa siku ya tatu, hukuosha vya kutosha. Badilisha nusu ya maji na usubiri tena.

10. Washa chujio, pima amonia na nitraiti, ndipo umrudishe.

Binti yangu alitaka vilima na mabonde. Tuliweka mteremko mdogo, nyuma sentimita 3, mbele 1 na kitu. Wiki mbili baadaye Komamanga alikuwa amesawazisha kila kitu kwa tumbo lake.

Ukichagua vigae

Jiwe la sleti lisilopakwa chochote ni zuri: zito, lina mikwaruzo ya kutosha vidole kushika, na halibadilishi maji. Vigae vya kauri visivyong'aa pia vinafaa. Hapa kuna mtego wa lugha. Kwetu vigae vyote vya sakafuni tunaviita marumaru, lakini marumaru halisi ni jiwe la chokaa, na ukililoweka miezi kadhaa linafanya kama ule mchanga wa Paje. Jaribio la siki linakata mzizi wa fitina: dondosha matone kwenye upande wa chini usiong'arishwa na uangalie.

Pima kitako cha tangi kwa ndani, siyo nje, na uagize vikatwe dukani vikiwa vifupi kwa milimita 3 kila upande. Sugua kingo kwa msasa chini ya maji hadi kidole kipite bila kukwaruzika. Kisha uamue kama utavilaza tu au utavigandisha. Ukivilaza, uchafu utaingia chini yake, na itakubidi uvinyanyue kila baada ya wiki chache. Niliwahi kuona kigae kikinyanyuliwa kikaacha alama nyeusi yenye harufu ya mfereji. Ukivigandisha, tumia gundi ya silikoni ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi inayo. Ziba mzunguko wote ili maji yasipate njia, na uache ikauke wiki nzima, hata kama kopo linasema saa 24. Saruji ya kujazia nafasi za vigae usiiweke, itapandisha pH.

Nafasi zinazobaki kati ya kigae na kigae zijaze mchanga ule ule laini. Changarawe usirudi nayo kwa mlango wa nyuma.

Kama changarawe imeshakuwamo

Mtoe mnyama leo, usingoje wikendi. Hilo ndilo la haraka. Tangi linaweza kusubiri, yeye hapana.

Tatizo ni kwamba changarawe ya zamani imebeba sehemu ya bakteria wanaokula amonia, na imebeba pia uchafu wa miezi mingi. Ukiichokoa, vyote vinapanda. Kwa hiyo kwanza toa maji ya tangi ndoo moja safi, uloweke sponji za chujio humo. Zikikauka, au zikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, bakteria wanakufa na unaanza upya kabisa. Chota changarawe yote kwa kikopo, nyonya uchafu uliobaki kwa mpira, futa kitako kwa kitambaa kipya. Hesabu unavyotaka, lakini kagua mara mbili kwenye pembe na chini ya silikoni. Jiwe moja lililobaki linatosha. Rudisha chujio, weka sakafu mpya, na kwa wiki mbili pima amonia kila siku. Ikionekana hata 0.25, badilisha maji.

Kuitunza

Kinyesi cha aksolotli ni kikubwa, cheusi, na kinatoka kizima. Kiondoe siku hiyo hiyo. Nyumba nyingi hapa zina bomba la plastiki lenye mpira wa kubinya kichwani, la kumwagia mchuzi bata mzinga anapookwa. Nunua lako, uliandike jina, lisirudi jikoni. Ukilisogeza sentimita moja juu ya mchanga linanyonya kinyesi bila kunyonya mchanga.

Mara moja kwa wiki, unapobadilisha maji, pitisha vidole au uma wa plastiki ndani ya mchanga, robo ya tangi kwa wakati mmoja. Vipovu vichache vikitoka ni kawaida. Ukiona mabaka meusi chini ya kioo na harufu ya yai, mtoe mnyama kwanza, kisha unyonye sehemu hiyo yote na kubadilisha maji kabla hajarudi.

Na chakula mpe kwa kibano, au kwenye kibakuli kizito cha kioo kilichowekwa mahali pamoja kila siku. Ukizoea kumlisha saa ile ile, atakuwa anakusubiri pale pale. Anameza mchanga kidogo zaidi, na mabaki hayasambai.

Akimeza kitu

Kuelea peke yake hakutoshi kukuogopesha. Aksolotli hupanda kuvuta hewa, akabaki juu kidogo, akashuka. Wasiwasi unaanza dalili zinapoungana: haelei kwa kupenda bali kwa kushindwa kushuka, hali chakula siku kadhaa, hajatoa kinyesi, tumbo limevimba upande mmoja, anatapika. Wakati mwingine ukimulika tochi kwa chini unaona kivuli cha jiwe kabisa, hasa kwa hawa weupe.

Mhamishie kwenye beseni jeupe lisilo na sakafu yoyote, maji ya chini kiasi cha kumfunika, baridi ya 16. Acha kumlisha. Andika tarehe na kila kinachotoka. Usimminye tumbo, na ukiona jiwe limechungulia kwenye tundu la nyuma usilivute, utararua. Utasikia pia ushauri wa kumtia kwenye friji. Baridi kali inapunguza kasi ya tumbo lote na ni mzigo kwa mnyama aliyedhoofika, kwa hiyo hilo lifanyike kwa neno la daktari, si la mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo. Tafuta daktari wa wanyama anayetibu amfibia; piga simu kwanza uulize, kwa sababu wengi ni wa mbwa na paka tu. Jiwe huonekana vizuri kwenye eksirei, na daktari ataamua kama lisubiriwe au litolewe. Mnyama asiyekwenda haja kabisa, anayezidi kuvimba au kutapika, apelekwe siku hiyo.

Wetu aliambiwa asubiri, na alisubiri. Jioni ya siku ya tisa jiwe la tatu lilipoanguka tulilisikia likigonga plastiki kutoka jikoni. Sasa ana sentimita 24. Mabaki ya ule mfuko wa buluu nimeyamwaga chini ya vyungu vya maua barazani, na maji yanapita vizuri.